Mlango wa Boma la Wafupi

Mimi ni fundi wa mawe. Tofali nazipanga nikipewa, lakini sina mapenzi nazo, kwa sababu tofali zote zinafanana na hakuna cha kubishana nazo. Jiwe linabisha. Ukiligeuza mara tatu likakataa kukaa, ujue umekosea wewe. Kazi hii nilijifunza kwa baba, ambaye wala hakuwa na nia ya kunifundisha. Alihitaji mtu wa kumshikia kamba, mimi nikawa karibu. Nilipoolewa Nyarero, huko Tarime, nilikwenda na timazi yake ya kupimia wima na nyundo yake ndani ya begi la nguo, na wakwe zangu walicheka mpaka siku nilipomjengea shemeji msingi wa nyumba kwenye mteremko ambao mafundi wawili walikuwa wameukimbia. Sasa wananiita fundi, na hawacheki.

Kwa hiyo kijiji changu cha kuzaliwa, kule Nyansurura wilayani Serengeti, kiliponiita nikajenge msingi wa nyumba ya mwalimu, sikujidai kufikiria. Nilikubali hata kabla mwenyekiti hajamaliza salamu kwenye simu. Hicho ndicho kijiji kilichonizomea nikiwa msichana mwenye vumbi la saruji magotini, eti nimekosa wa kunioa. Nilitaka nisimame pale katikati yao na mwiko mkononi, na nijenge kitu ambacho wajukuu zao watakikuta.

Mwenyekiti alinipokea vizuri. Tulipima eneo, tukapigilia vigingi, na nilipouliza mawe ya msingi yatatoka wapi akacheka.

"Mawe usihangaike nayo, fundi. Si yapo pale mlimani? Yamepangwa kabisa. Wafupi walishatufanyia kazi. Jumatatu trekta inakuja na tela, wewe anza tu kuyalegeza."

Alikuwa anasema habari za Boma la Wafupi. Juu ya nyumba ya mama yangu kuna kilima, na juu ya kilima kuna ukuta wa mawe uliozunguka duara, upana wake ukikaribia uwanja wa netiboli. Mahali palipo pazima unafika kifuani kwa mtu, na unene wake ni kama mkono ulionyooshwa kutoka begani. Hauna udongo wala saruji. Ni jiwe juu ya jiwe tu, na hakuna mtu anayejua ulijengwa lini. Upande wa chini ya mteremko kuna tundu la mraba linalofika gotini, limefunikwa kwa jiwe bapa, na sisi sote tuliambiwa kwamba huo ndio mlango. Ndiyo sababu likaitwa Boma la Wafupi. Walikuwapo watu wadogo, tuliambiwa, wenye nguvu za ajabu mikononi, wakaja kabla ya mababu zetu, wakajenga, wakaondoka. Wengine wanasema lilikuwa la Wamasai. Wengine wanasema ni babu zetu wenyewe walipokuwa wakikimbia vita. Nilipokuwa nafanya kazi Ikoma, mzee mmoja wa huko aliniapia kwamba ni watu wa kwao waliopita wakapumzika kidogo. Nilimwuliza ni mapumziko gani hayo ya kubeba mawe mazito kiasi hicho, akaninunia.

Utotoni tulikuwa tunapita kwenye lile tundu kwa matumbo. Baba naye aliamini. Fundi mzima, aliyekuwa akiutazama ukuta wa mtu na kukutajia tabia za aliyeujenga, alipita pale miaka yote akisema, "Wafupi, lakini walijua kazi."

Nilipanda Jumatano asubuhi na mtaimbo niliorithi kwa baba. Sitajitakasa hapa: nilipanda kwenda kubomoa. Nilishachagua sehemu, upande wa juu ambako vichaka vimefunga, nikashusha mawe kumi na moja ya safu ya juu na kuyapanga kando. Yalikuwa mawe mazuri, yenye uso bapa wa kutazama nje, na nilikuwa nimeshaanza kuyaona kwenye kona za nyumba ya mwalimu. Kisha mvua ikaja, ile ya ghafla isiyotoa hodi, nikajibanza chini ya ukuta kwa ndani na karai kichwani.

Hapo ndipo nilipouona ule mlango ukifanya kazi yake. Maji yote yaliyoangukia ndani ya duara yalikusanyika, yakateremka taratibu kwenye mfereji ambao sikuwahi kuutambua kwa sababu majani yameuficha, yakaenda moja kwa moja hadi kwenye lile tundu na kutoka. Halikubaki hata tone la kuogea kuku. Nilicheka peke yangu mpaka karai likaanguka. Sisi tumezaliwa kando ya mazizi. Mtoto wa miaka sita huku anajua kwamba zizi lisilo na mfereji linaozesha kwato za ng'ombe, na kila zizi la kijiji kile lina tundu upande wa chini la kutolea mkojo na maji ya mvua. Lakini kwa sababu hadithi ilitangulia kufika masikioni, kizazi baada ya kizazi tulikuwa tukitambaa kwenye tundu la mkojo wa ng'ombe tukiwahurumia watu kwa kimo chao.

Kicheko kilipoisha nikashikwa na hasira. Nilimkasirikia baba, nikajikasirikia mimi. Kama lile si mlango, basi mlango uko wapi? Mtu hajengi zizi bila mlango. Nilichukua panga nikaanza kuzunguka ukuta kwa ndani, nikikata vichaka, nikigusa kila jiwe, na niliapa sishuki mpaka niupate.

Niliupata hatua chache tu kutoka pale nilipokuwa nimebomoa. Fundi yeyote wa mawe anajua kwamba jiwe la juu lazima lilalie maungio ya mawe mawili ya chini, la sivyo ukuta unapasuka. Ukuta ule wote umefungwa hivyo, kwa uangalifu ambao mimi huwa nao asubuhi tu. Lakini pale, nyuma ya kichaka cha miiba, kulikuwa na mstari wa wima ulionyooka kutoka juu hadi chini, na hatua mbili mbele mstari mwingine kama huo. Kati ya mistari hiyo mawe yalikuwa ya mkono mwingine, au mkono uleule siku nyingine. Huo ulikuwa mlango wao, mpana wa kutosha ng'ombe mwenye pembe ndefu. Na ulikuwa umezibwa.

Nilikaa pale muda mrefu nikiutazama kwa ndani, kisha nikaruka nikautazama kwa nje. Kwa ndani mawe yalikuwa yamekaa hovyo, ncha huku, mgongo kule. Kwa nje yalikuwa yamenyooka, uso kwa uso, safi kabisa. Mtu anayejenga huuweka uso wa jiwe upande aliosimama yeye. Kwa hiyo aliyeziba alikuwa nje. Hawakujifungia humo wakafa, wala hawakufukuzwa wakakimbia na kuacha kila kitu wazi. Walitoa ng'ombe wao, wakatoka wenyewe, halafu mmoja akasimama hapo niliposimama mimi akaufunga mlango jiwe kwa jiwe bila haraka.

Huku kwetu, mtu akihamisha ng'ombe wakati wa kiangazi, hukata tawi la miiba akaliweka mlangoni pa zizi. Tawi hilo hata mbuzi anaweza kulisukuma, lakini hakuna mtu atakayelivuka. Maana yake ni kwamba mwenyewe ameondoka, na hapa si pa kuingia. Niliyageukia mawe yangu kumi na moja yaliyopangwa vizuri kando, nikaona aibu ya mwizi. Nilianza kuyarudisha palepale, na mpaka jua linashuka lilikuwa halijabaki hata moja.

Wakati narudisha ndipo nilipoona pengo. Chini kabisa katikati ya ule mlango, jiwe moja halikuwapo. Lilikuwa jiwe refu, pana, na mawe ya juu yake yalikuwa yameinama kidogo. Nilipima pengo kwa mkono, dhiraa moja na kiganja. Sikuhitaji kupima mara ya pili. Jiwe la urefu huo nililikanyaga siku niliyojifunza kutembea.

Liko mlangoni pa mama. Baba aliliweka yeye mwenyewe walipooana, na siku zote alisema amelitoa mlimani. Kweli alilitoa mlimani.

Siku ya pili yake nilimwomba mwenyekiti aitishe mkutano. Alidhani nimepungukiwa saruji. Ulifanyika Ijumaa kwenye darasa la shule, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakiwagusa videvu, na mimi nikasimama mbele nikaeleza yote: tundu la maji, mistari miwili, mlango uliozibwa kwa nje. Waliposikia habari ya mkojo wa ng'ombe walicheka vibaya sana, maana hakuna aliyekuwa hajapita pale. Nilipofika kwenye tawi la miiba hakuna aliyecheka tena. Nikasema mawe yale sitayatumia. Mtoni kuna mawe meusi ya kutosha, magumu zaidi, tukichangia nguvu kazi ya kuyabeba, kuyachonga ni juu yangu.

"Na usipoyatumia haya ya mlimani?" mwenyekiti akauliza. "Tutafute fundi mwingine?"

"Mtafute," nikasema. "Lakini mtamtafutia pia mtu wa kumwambia nilichowaambia."

Mdomo ndio uliosema hivyo. Kazi ile niliitaka.

Kisha akasimama mzee mmoja aliyevaa koti la mvua, jirani wa mama, mtu aliyemjua baba tangu ujana. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja kwenye kidonda.

"Mwanangu, umesema vizuri. Mlango uliofungwa tunaujua wote. Sasa niambie. Huo mlango wako una pengo, ama hauna?"

"Unalo."

"Jiwe lake liko wapi?"

Watu wote darasani walijua liko wapi, kwa sababu hakuna asiyewahi kuketi juu yake akinywa uji kwa mama.

"Baba yako alishaufungua," mzee akasema. Hakuwa na ubaya sautini. "Alikuwa rafiki yangu, simsemi kwa vibaya. Lakini mura, kama nyumba yenu imelikalia jiwe lenu, kwa nini nyumba ya mwalimu isiyakalie yetu? Lirudisheni, tutayaacha na haya mengine. Msipolirudisha, Jumatatu trekta itapanda."

Alinitania hata pale, kuniita mura, jina la vijana wa kiume. Mkutano ukakubaliana naye, na mimi moyoni nikakubaliana naye pia, jambo lililoniuma zaidi.

Nilimkuta mama ameketi palepale, juu ya jiwe, akichambua ulezi. Nilimwamkia, nikakaa chini kando yake, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Baba yako alilileta kwa bega," akasema. "Wiki niliyoolewa. Nyumba haikuwa hata na mlango, lakini jiwe lilikuwapo. Akaniambia, hapa ndipo utakapokuwa unakanyaga. Bega lilimvimba siku nne, nikawa namkanda kwa maji ya moto, na hata majina ya ndugu zake nilikuwa bado siyajui. Sasa wewe unataka niliondoe kwa ajili ya watu ambao hata majina yao hakuna anayeyajua?"

"Ndiyo, mama."

"Kama umekosa la kufanya, nenda kafunge ng'ombe."

Nikaenda kufunga ng'ombe. Sikulia, ila nilikuwa karibu. Alikuwa na haki. Nyumba ile ilishabadilika yote. Nyasi zikawa bati, udongo ukawa tofali, kitanda cha baba tulimpa mtu. Kilichobaki cha mkono wake kwenye nyumba ile kilikuwa jiwe hilo moja, na nilikuwa nimekuja na mtaimbo wake mwenyewe kuling'oa. Lakini akilini niliuona pia ule ukuta ukipakiwa kwenye tela, na tela likirudi tupu kupakia tena.

Jumamosi nilijaribu kudanganya. Nilipandisha jiwe la mtoni lenye urefu uleule nikalichonga kuanzia asubuhi, nikalisukuma kwenye pengo. Lilikaa, likatikisika. Nikalitoa, nikalichonga, nikalirudisha. Likatikisika. Nilitukana kwa Kikurya na kwa Kiswahili, na ningejua Kijaluo cha kutosha ningeendelea. Mtu aliyeziba mlango ule alichagua mawe ya juu kwa ajili ya jiwe lile la chini, na hayakutaka lingine. Jumapili baada ya kanisa nilijaribu tena. Mama alikuja akasimama nje ya ukuta, na nguo zake za kanisani. Sikuwahi kumwona akipanda kilima kile tangu baba afe. Aliutazama mlango, akaingiza mkono kwenye pengo mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akashuka.

Jumatatu niliamshwa na mlio wa jembe likigonga jiwe. Nilitoka kwa mlango wa jikoni, nikazunguka. Mama alikuwa amepiga magoti mlangoni, kanga imefungwa kiunoni, amechimba pande tatu na sasa anachimba ya nne.

"Usisimame kama mgeni," akasema. "Lete mtaimbo."

Nilipoinama kumsaidia aliniambia bila kunitazama, "Watu wale walifunga mlango wao. Sisi ndio tulioacha wazi." Akafuta pua kwa mkono wenye udongo. "Baba yako angekuwa hai ningemfokea. Sasa nimfokee nani?"

Jiwe lilitoka kwa shida, likaacha shimo lenye umbo lake. Upande wa juu ulikuwa umelainika katikati ukaingia ndani kidogo, mahali pa nyayo zetu. Tulilifunga kwenye panda la mti la kuburuzia, tukawafunga ng'ombe wake wawili wa kulimia, na mama akashika kamba ya mbele. Nilimwambia apumzike, nitaita watu. Alinitazama kana kwamba nimemtukana, akawapigia ng'ombe mluzi.

Katikati ya kilima trekta ilitufikia kwa nyuma. Njia ni nyembamba na hakuna pa kutupita. Dereva alizima injini. Nyuma kwenye tela walikuwa wamesimama wanaume kama wanane wenye mitaimbo, na mwenyekiti, na yule mzee wa koti la mvua ameshikilia kingo. Mama hakugeuka. Aliendelea kuwaongoza ng'ombe wake mbele ya trekta, hatua kwa hatua, jiwe likiburuzwa na kuacha mstari kwenye vumbi, na mimi nyuma nikilizuia lisiteleze. Tulipofika kwenye kona nikatazama nyuma. Mzee alikuwa ameshashuka kwenye tela na anatufuata kwa miguu. Halafu wakaanza kushuka na wengine.

Kuinua mawe ya juu kulihitaji watu sita na mitaimbo minne. Niliwaelekeza kwa ukali, na hakuna aliyeniambia kitu. Nilisimama nje, upande aliosimama yule mtu, nikalisukuma jiwe ndani huku upande wa nyayo zetu ukitazama nje. Nikasema washushe. Mawe ya juu yalishuka, yakaketi, na nilipolipiga jiwe teke kwa nguvu zote halikutikisika hata kidogo. Mguu uliniuma wiki nzima.

Mama alikuwa ameshakata tawi la miiba. Aliliweka chini ya mlango, akalirekebisha lilale sawa, kama anavyofanya zizini kwake.

"Haya," mzee akasema, "trekta iende mtoni."

Nyumba ya mwalimu imesimama juu ya mawe meusi, na kona zake nne zimenyooka. Nenda na timazi yako ukapime. Nani alijenga lile boma bado sijui, na watu wanaendelea kugombana juu yake kama zamani, isipokuwa wafupi hawatajwi tena. Mimi najua tu aliyelifunga alisimama wapi mara ya mwisho.

Nilipomaliza kazi ile nilimpelekea mama lile jiwe la mtoni nililochonga siku mbili bure, nikalipanga mlangoni pake. Alilipitishia kiganja. Lilikuwa na makwaruzo ya tindo kila mahali, nikamwambia naweza kulisugua lilainike.

"Liache," akasema, akaketi juu yake na ungo wa ulezi. "Litalainika. Si tupo?"